FEDHA YA CHAMA KATIKA SIMU YA KATIBU

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Rulenge



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo sasa ni la kila siku katika vyama vyetu, yaani kulipa ada za Serikali kwa njia ya simu. Naomba tulitazame kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna faida kubwa, na ndani yake pia mna mlango ambao fedha ya wanachama yaweza kupitia pasipo mtu kujua.

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini mwetu mwaka 2008 ilipoingia M-Pesa, na baadaye mitandao mingine ikafuata. Mwaka 2015 Bunge lilitunga Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, ambayo iliipa kazi hiyo msingi wa kisheria. Mwaka 2017 Serikali ikaanzisha mfumo mmoja wa kielektroniki wa kupokea malipo yake. Tangu hapo taasisi ya Serikali inayotudai ada hutoa ankara yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi wetu huiita kontroo namba. Kwa namba hiyo twaweza kulipa benki, kwa wakala wa benki, au kwa simu tukiwa hapa hapa Rulenge. Safari ya kwenda Ngara mjini kupanga foleni kwa ajili ya ada ndogo imepungua, na nauli yake imebaki katika mfuko wa chama.

Tuchukue mfano. Chama kimekusanya magunia 40 ya maharage na kimepata mnunuzi Burundi. Kabla mzigo haujavuka mpaka wa Kabanga, zatakiwa hati: kibali cha kusafirisha mazao nje ya nchi, na cheti cha usafi wa mimea kinachotolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa kila ada inayodaiwa katika safari hiyo hutolewa namba ya kumbukumbu. Katibu hulipa, hupata hati, na gari huondoka. Hivyo ndivyo mambo yapasavyo kwenda.

Lakini mfikirie katibu ambaye gari limekwisha kupakiwa, dereva anadai fedha ya kusubiri, na mtu mmoja mwenye maneno matamu anampigia akisema, "Nitumie mimi ada hiyo, nitakulipia hapa mpakani." Katibu anatuma. Ujumbe unakuja kwamba fedha imepokelewa. Jioni gari lafika Kabanga, na afisa akitazama katika mfumo haoni malipo yoyote. Yule mtu simu yake imezimwa. Maharage yanalala garini, gharama zinapanda, na mkulima aliyetegemea kulipwa ili apeleke mtoto shule anaambiwa asubiri. Ndugu zangu, fedha ile haikulipwa Serikalini hata senti moja. Imetumwa kwa mtu. Kutuma fedha kwa mtu na kulipa ada ya Serikali ni mambo mawili mbalimbali, ingawa yote hufanyika katika simu moja.

Kwa hiyo alama ya kwanza ya malipo halali ni namba ya kumbukumbu. Namba hiyo ina tarakimu 12 na huanza na 99. Katika simu huingizwa kwenye sehemu ya malipo ya Serikali, si sehemu ya kutuma pesa. Mtu yeyote akikupa namba ya simu badala ya namba ya kumbukumbu, hata akijiita afisa, usilipe. Vishoka wa mipakani na wale wanaotuma ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" ni ndugu wa tumbo moja. Ujumbe wa namna hiyo, pamoja na namba iliyoutuma, upelekeni kwenye namba 15040 iliyowekwa kwa kazi ya kupokea taarifa za utapeli.

Alama ya pili ni jina. Makatibu wengi huuliza: nikilipa kwa laini yangu, je, stakabadhi itatoka kwa jina langu? Jibu ni kwamba stakabadhi ya Serikali hufuata jina la mlipaji lililoandikwa katika ankara. Basi tangu siku ya kuomba ankara, hakikisheni limeandikwa jina kamili la chama kama lilivyo katika hati ya kuandikishwa. Ankara ikitoka kwa jina la katibu, irudishwe ikatengenezwe upya kabla ya kulipwa. Tazameni pia kiasi na tarehe ya mwisho ya ankara, kwani ankara iliyopitwa na muda hukataliwa.

Swali jingine: je, ujumbe wa simu watosha kuwa stakabadhi? Hautoshi. Ujumbe ule waonyesha kwamba fedha imetoka kwenye laini fulani. Simu huibiwa, hutumbukia majini, na katibu naye huhama. Chama hakiwezi kumwonyesha mkaguzi simu iliyopotea. Yapasa stakabadhi ya taasisi iliyolipwa ichapishwe na kuwekwa katika jalada.

Sasa nieleze utaratibu ninaowasihi muufuate. Ankara ikifika, iandikwe hati ya malipo na iidhinishwe na viongozi wenye mamlaka ya kutia saini kabla fedha haijatoka benki. Fedha iingizwe katika simu kwa kiasi cha ankara pamoja na makato ya mtandao, isizidi. Makato hayo yaandikwe peke yake, maana ni gharama halali ya chama na si haki katibu ayabebe mfukoni mwake. Wakati wa kulipa awepo mjumbe mmoja wa Bodi au mtunza fedha. Siku hiyo hiyo yanakiliwe katika daftari: tarehe, namba ya kumbukumbu, namba ya muamala, kiasi, na jina la taasisi. Ankara, hati ya malipo na stakabadhi vifungwe pamoja.

Lililo bora zaidi ni chama kuwa na laini iliyosajiliwa kwa jina la chama chenyewe. Laini hiyo ikabidhiwe kwa maandishi, na siku katibu anapoondoka namba ya siri ibadilishwe mbele ya mashahidi, kama tunavyokabidhiana funguo za ghala.

Nanyi wanachama msiwaachie makatibu mzigo huu peke yao. Mwaka 1966 Tume Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika, na miongoni mwa kasoro ilizoziona ni uongozi mbaya, ukosefu wa uaminifu, na wanachama kutojua mambo ya chama chao. Wakati ule hapakuwa na simu ya mkononi kijijini. Ugonjwa ule haukuletwa na chombo, na chombo kipya hakitauponya. Utaponywa na mwanachama anayesimama katika Mkutano Mkuu akauliza kwa adabu, "Ndugu Katibu, stakabadhi ya ada hii iko wapi?" Katibu mwaminifu hachukii swali hilo, kwa kuwa ndilo linalomkinga na masingizio.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nawaomba kila chama kiitishe kikao cha Bodi kabla ya msimu ujao, kiandike azimio juu ya malipo kwa simu, na nakala yake iwekwe tayari kwa ukaguzi.