Mapipa ya rangi tatu

(Maneno tuliyotoa kwenye mkutano wa mwezi, Makiso, Kisangani)



Mtatusamehe tukianza na habari ya haya. Mnakumbuka yale mapipa matatu tuliyonunua kwa pesa ya kasha letu: la buluu, la manjano, la kijani. Tuliyaweka kwenye avenyu moja ya Kabondo, tukapiga picha, tukazituma kwa wafadhili. Mwezi haujaisha, la buluu lilikuwa linakinga maji ya mvua ndani ya parseli ya mtu, la manjano limeibwa, la kijani limejaa vyote pamoja: maganda ya mihogo, sashe, nguo kuukuu. Kijana wa pusupusu tuliyemlipa akaja, akamwaga yote ndani ya shimo moja. Hakukosea. Angemwaga wapi tena?

Kosa lilikuwa letu. Sisi tuliorudi tulileta rangi za mapipa, hatukuleta kile kinachosimama nyuma ya mapipa. Basi tulikaa, tukaulizana, kila mmoja na kule alikoishi.

Waliotoka Bruxelles walieleza magunia. La buluu ni la chupa za plastiki, mikebe na maboksi ya maziwa. La manjano ni la karatasi. La rangi ya chungwa ni la mabaki ya chakula, na tangu 2023 kutenga hayo mabaki ni lazima. Jeupe ni la vinavyobaki. Ukichanganya, wanakuachia gunia mlangoni na kibandiko juu yake, majirani wote waone. Sawa. Lakini nani analipa? Hapo ndipo tulikuwa hatujaangalia. Makampuni yanayouza vitu ndani ya chupa na mikebe ndiyo yanachanga pesa ya kuviokota na kuvichagua, kupitia shirika lao Fost Plus, tangu miaka ya 1990. Aliyeleta chupa sokoni anailipia hata ikiwa tupu.

Ujerumani ni njia nyingine. Tangu 2003, ukinunua maji au soda ya chupa ya plastiki unaacha senti 25 za amana. Unarudisha chupa dukani, mashine inaisoma, unapewa karatasi ya kuchukulia pesa yako. Mwenzetu mmoja alisema miezi yake ya kwanza kule alikula kwa chupa alizookota kwenye gare. Sisi tulicheka, yeye hakucheka.

Waliokimbilia Uganda hawakuona magunia ya rangi. Takataka za Kampala zilipandishwa Kiteezi, mlima juu ya mlima, na waliochagua plastiki na chuma ni watu wenye njaa, kwa mikono yao. Mwezi wa nane 2024, mlima ule ulianguka juu ya nyumba, watu zaidi ya 30 wakafa. Tunalisema kwa sababu kuna memba wanaodhani dawa ni kupata shimo kubwa zaidi.

Na Rwanda? Mwenye kupita Goma kwenda Gisenyi anajua: mfuko wa plastiki unauacha mpakani. Wanaukataza tangu 2008. Kenya walifuata 2017, Tanzania 2019. Na sisi pia tuko na dekre, ya tarehe 30 Desemba 2017. Nenda sokoni leo ununue sombe ya franga kidogo tu, utaona watakufungia ndani ya nini.

Sasa tuseme ya kwetu, maana hatukurudi kwenye nchi isiyojua kitu. Nani kati yenu amekwisha kuona chupa tupu ya Primus imetupwa barabarani? Haiko. Bila kurudisha kasie na chupa, hupewi nyingine, ama unalipa. Ni ile ile ya Ujerumani, na baba zetu waliijua kabla yetu. Bidoni ya mafuta inakufa imezeeka, imebeba mawese, maji na petroli. Maganda ya ndizi ni ya mbuzi. Na liboke ndani ya majani ya mangongo, ukisha kula, unatupa majani, mvua mbili zinayamaliza. Kinachotushinda ni kitu kimoja: sashe. Hakina mbuzi, hakina mnunuzi, hakina kasie.

Mwaka huu kimetugusa. Kaniveau ya avenyu moja ilizibwa na sashe, mvua ya usiku ikaingia kwa mama mmoja, memba wetu, mjane. Kasha lilitoa pesa ya magodoro na unga. Kwa hiyo wazee waliosema hapa kwamba kasha ni la matanga na magonjwa, si la takataka, tunawaheshimu, lakini zile franga zilikwisha kutoka, na zitatoka tena.

Komite inapendekeza hivi. Hakuna kununua mapipa. Tuchukue parseli 20 za avenyu ile, tutenge vitu viwili tu: kinachooza na kisichooza. Kinachooza ndicho kingi zaidi, kinabaki palepale ndani ya shimo, kinafunikwa na udongo, kinakuwa mbolea ya lengalenga. Ukiacha sashe mle ndani, umeharibu shimo zima. Chuma na aluminiamu kina wanunuzi. Sashe zinakaa kavu ndani ya gunia, mbali na kaniveau, na hazichomwi jikoni wala karibu na watoto. Gunia likijaa tutafanya nini? Kwa leo hatuna jibu, na hatutawapigia wafadhili picha ya jibu ambalo hatuna.

Pusupusu italipwa na zile parseli zenyewe, kila mwisho wa mwezi. Kasha litatoa majembe manne na magunia, basi.

Kura ni baada ya chai. Wenye parseli zao kwenye avenyu ile waandikishe jina kwa sekretere, na Jumamosi tunaanza kuchimba saa moja ya asubuhi, kwa yule mama.