Kabla ya Kuvuka Mpaka: Neno juu ya Safari za Nje ya Nchi

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Voi



 Mmesikia ya kwamba fedha za msaada hazikupungua sana mwaka huu, na wengi mmepiga makofi. Nasi twafurahi pamoja nanyi. Lakini yatupasa kusema kweli: iko sehemu ya fedha zile ambayo haikutumika, si kwa kuwa hapakuwa na mwenye shida, bali kwa kuwa mwenye shida hatukujua yuko wapi. Jambo hilo ndilo lililotufanya tuchague safari za nje ya nchi kuwa maneno yetu ya leo.

Mwenzetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa tusimulie habari yake pasipo kumtaja jina, alivuka mpaka kwenda kununua maharagwe upande wa Tanzania. Nyumbani aliaga kwamba aenda Taveta sokoni. Yaliyobaki aliyafunga moyoni. Alipokwisha kupita Himo, pikipiki aliyopanda ilianguka, naye akavunjika mguu na simu yake ikavunjika pamoja naye. Alilazwa hospitalini. Mkewe alimtafuta Taveta siku nyingi, akiuliza katika vibanda na katika kituo cha magari, na kila aliyeulizwa alisema kwa haki kwamba hakumwona. Siku ya tisa habari ilipofika, mgonjwa alikuwa amekwisha kuuza maharagwe yake kwa hasara ili alipe matibabu. Sanduku letu lilikuwa na fedha, na katiba yetu yaruhusu kumsaidia mwanachama aliye hospitalini. Lakini msaada hauna macho. Hauwezi kwenda mahali ambapo hakuna aliyepataja.

Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwa maneno mawili: "Safari haitangazwi."

Wazee wetu, hatukusimama hapa kulicheka neno hilo. Lina sababu zake. Mwizi akijua mwenye nyumba hayupo, huja. Hasidi akijua mtu amepata riziki ya mbali, roho humuuma. Na kijana aliyetangaza kwamba aenda Ulaya, kisha viza ikakataliwa, huona haya kupita mbele za watu. Hayo yote ni kweli. Lakini twaomba mtofautishe mambo mawili: kutangaza na kuaga. Kutangaza ni kuipigia safari mbiu sokoni. Kuaga ni kumwambia mtu mwaminifu njia utakayopita na siku utakayorudi, ili ukikawia ajue pa kukutafuta. Anayeogopa kutangaza ana busara. Anayeacha kuaga amejinyima ndugu.

Tena tukumbuke sisi ni watu wa nchi gani. Njia kutoka pwani kwenda bara ilipita katika Taita na Taveta kabla ya reli na kabla ya mpaka. Misafara ya biashara ya Waswahili na Waarabu, iliyotoka Mombasa na Pangani, ilitua Taveta kupumzika, kununua chakula, na kuuliza habari za mbele. Mwaka 1883 Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alifika Taveta akitaka kupita katika nchi ya Wamaasai. Alipoona hatari iliyoko mbele, baada ya ugomvi uliotokea kati ya Wamaasai na msafara wa Mjerumani Fischer, alirudi nyuma, akashuka mpaka pwani kuongeza watu na bidhaa, kisha akaandamana na msafara wa wafanyabiashara wa pwani walioijua njia. Safari yake ilifaulu kwa sababu alisikiliza habari za wenyeji na za waliomtangulia.

Na ikiwa kuuliza kabla ya safari kuna faida, kusimulia baada ya safari kuna faida vile vile. Mwezi wa Mei mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekwisha kupita katika milima ya Taita, aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji kileleni, akaandika alichokiona. Mabwana wa jiografia huko Uingereza walibisha, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini maneno yake yalikuwa yamekwisha kuandikwa, na waliokuja baadaye walikuta ni kweli. Lau angenyamaza kwa kuogopa kuchekwa, nani angefaidika?

Mpaka huu wa Taveta nao umetufunza kwamba njia haikai hali moja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza reli ilijengwa kutoka Voi kuelekea Taveta, ikaunganishwa na reli ya Tanga na Moshi pale Kahe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka, na ndugu waliooana pande mbili wakatenganishwa mpaka mwaka 1983. Mwaka 1999 mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi mjini Arusha. Leo kuna lami kutoka Voi hadi Taveta, na tangu mwaka 2016 kuna kituo cha pamoja cha mpakani. Urahisi huo ndio unaotudanganya. Kwa kuwa lugha ni moja na mlima tunaouona ni mmoja, mtu hufikiri aenda shamba la jirani, kumbe ameingia katika nchi nyingine yenye sheria zake.

Basi tumekusanya mashauri machache kutoka kwa wanachama waliosafiri, nasi twayaweka mbele yenu.

Kwanza ni hati. Tangu mwaka 2014 Mkenya aweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Tanzania haimo katika mapatano hayo. Anayekwenda Moshi ahitaji pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria katika Afrika Mashariki. Mwenye pasipoti atazame tarehe ya mwisho wake, kwani nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita mbele. Na kwa kuwa sheria hubadilika, kila mmoja aulize afisi ya uhamiaji kabla ya kuuza mbuzi ili apate nauli.

Pili, fahamuni utaratibu wa kituo cha pamoja. Zamani mtu aligonga muhuri wa kutoka upande mmoja, kisha akavuka kugonga wa kuingia upande wa pili. Sasa anayetoka Kenya hukamilisha mambo yote Holili, na anayetoka Tanzania huyakamilisha Taveta, maafisa wa nchi zote mbili wakikaa katika jengo moja. Asiwepo mtu wa kuwaambia kwamba njia ya panya ni fupi zaidi. Njia ya panya huokoa saa moja na kupoteza haki zote: ukiumia, ukiibiwa, au ukidhulumiwa katika biashara, wewe usiye na muhuri utaogopa hata kwenda polisi.

Tatu ni kadi ya njano, na hapa wengi hukanganyikiwa, kwa sababu kadi za njano ni mbili. Moja ni ya mtu, ishara kwamba amechanjwa homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kukubaliwa baada ya siku kumi. Basi anayechanjwa leo na kusafiri kesho amechelewa. Lakini heri yake ni hii, kwamba tangu mwaka 2016 cheti chake hutambuliwa kwa maisha yote, wala hakuna haja ya kuchanjwa tena kila miaka kumi kama zamani. Kadi ya pili ni ya gari, nayo ni bima ya COMESA. Mwenye gari asidhani bima yake ya Kenya itamlinda akigonga ng'ombe wa mtu njiani kwenda Moshi.

Nne ni bidhaa. Mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya, ambaye mzigo wake hauzidi dola 2,000 za Kimarekani na ni wa mazao au vitu vilivyotengenezwa katika nchi zetu na kuandikwa katika orodha, aweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani, asitozwe ushuru wa forodha. Wengi wetu wamelipa watu wa kati kwa kutojua jambo hilo. Aombe stakabadhi kwa kila senti anayotoa. Wala asibebe mifuko ya plastiki: Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019. Fedha azibadilishe benki au katika duka lenye leseni, wala si kwa kijana anayemkimbilia dirishani mwa basi.

Tano ni vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi Uarabuni. Hapa twaomba wazazi mtege masikio. Tangu mwaka 2017 garimoshi la reli mpya husimama Voi, na vijana wengi huondoka hapa kwenda Nairobi kupanda ndege. Mama humwaga mwanawe stesheni, naye hana hata karatasi moja mkononi. Baadaye simu ikinyamaza, mama huja kwetu. Tukimwuliza mwajiri ni nani, hajui. Mji gani, hajui, ajua tu "Saudia." Saudia ni nchi kubwa kuliko Kenya zaidi ya mara tatu. Kijana asipande garimoshi kabla ya kuacha nyumbani nakala ya mkataba, nakala ya pasipoti, jina la wakala, jina na anwani ya mwajiri, na namba ya ubalozi wa Kenya katika nchi aendayo. Nakala ya pasipoti ni ya lazima, maana wako waajiri huko wanaozichukua pasipoti za wafanyakazi wao. Na wakala achunguzwe kama ameandikishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kabla ya kulipwa, si baada.

Mashauri haya hayakutoka katika vitabu peke yake. Habari ya kadi mbili tulipewa na dereva aliyezuiliwa mpakani nusu ya siku. Tena mama mmoja wa chama chetu alikwenda Kampala kwa kupitia Busia kumwangalia binti yake aliyejifungua. Aliporudi alisimama katika mkutano wa mwezi akatueleza yote: nauli, saa za basi, alichoulizwa mpakani, na mahali palipo salama pa kulala. Wanachama wawili waliomfuata walisafiri kwa maneno yake, wakarudi bila taabu. Maneno yake ya robo saa yalikuwa msaada mkubwa, wala sanduku letu halikutoa hata shilingi.

Kwa sababu hiyo, Bwana Mwenyekiti, Kamati yaleta pendekezo lifuatalo lipigiwe kura leo. Chama kiwe na Daftari la Safari. Kila mwanachama anayevuka mpaka wa Kenya, au mwenye mtoto anayevuka, aandikishe jina, nchi na mji aendao, njia atakayopita, siku ya kurudi, na mtu wa kupashwa habari. Daftari lifungiwe kabatini, na ufunguo ukae kwa Katibu na mzee mmoja mtakayemchagua ninyi wenyewe, wala lisisomwe mbele za watu. Siku ya kurudi ikipita kwa siku tatu bila habari, Katibu aanze kuuliza. Na kila anayerudi apewe robo saa katika mkutano wa mwezi atusimulie aliyoyaona.

Wako watakaouliza: je, asiyejiandikisha atanyimwa msaada? La, hasha. Chama hiki hakikuundwa ili kumwadhibu mtu aliyevunjika mguu. Lakini yafaa kila mmoja ajue kwamba msaada wake utachelewa, si kwa chuki ya mtu, bali kwa kuwa itatubidi tuanze kumtafuta kabla ya kumsaidia.

Wazee wetu wa Kitaita wajua maana ya kutasa: kwamba hasira iliyofichwa moyoni huharibu nyumba, na hutolewa kwa maneno yanayosemwa wazi. Twaona hofu nayo ni hivyo hivyo. Mtu akiifungia safari yake moyoni kwa hofu ya jirani, jirani mwema na jirani mbaya huwa sawa kwake, wote hawamsaidii. Akimwambia mmoja aliye mwaminifu, amekwisha kuwatenganisha.

Mwenzetu aliyevunjika mguu yumo humu ndani leo, naye amekubali kuwa wa kwanza kuandikwa katika daftari hilo, kwani mwezi ujao atavuka tena kufuata maharagwe. Tunaomba mumwige.

 Mungu awabariki wasafiri wetu, na waliobaki nyumbani wakiwangoja.