Watoro wa Kikogwe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu wa Mugumu, nanyi mnaotusikiliza majumbani na shuleni. Mwaka 1873, mwaka ule ule Seyyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja, watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani waliasi. Waliwatoka mabwana zao, wakajenga makazi yao wenyewe, Kikogwe. Kutoka mashamba ya Malindi wengine walikimbilia Witu kwa Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, au Fuladoyo. Mabwana waliwaita watoro.

Tuseme kweli, ijapokuwa chungu: wengi wa mabwana wale walikuwa Waislamu kama sisi. Walisali, walifunga. Vijana wa sekondari hutuuliza: je, dini iliwaruhusu? Dini iliukuta utumwa, ikaufungulia milango ya kutokea. Katika Suratun-Nur, aya ya 33, bwana ameamrishwa amwandikie mtumwa mkataba wa uhuru autakapo, akimjua kuwa ana kheri, tena amsaidie kwa mali. Katika Suratut-Tawba, aya ya 60, limetengwa fungu la zaka kwa ajili ya kuwakomboa. Basi aliyeufunga mlango huo, ana hoja gani juu ya aliyeruka ukuta?

Hatusemi kila uasi ni mwema. Wazanji wa Basra walisimama mwaka 869 kwa dhuluma iliyo wazi, wakapigana miaka 14. Lakini walipouteka mji mwaka 871 waliua wasio na hatia, nao wakashika watumwa.

Tena wengi walioletwa pwani walikuwa waungwana, waliotekwa vijijini kwao. Mtume (S.A.W.) ametufikishia kwamba watu watatu Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyeahidi kwa jina Lake akavunja, aliyemuuza muungwana akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu, akamtumikisha, asimpe ujira. Tazameni nani amewekwa pamoja na muuza watu! Kijana achungaye ng'ombe wetu mwaka mzima kwa ahadi ya ndama asiyemwona, na binti apikaye kwetu kwa chakula tu, wamo katika maneno haya. Mwenye deni lao na awaite leo, kabla ya Magharibi, wahesabiane.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi.