MOTAKAA YA CHINI AU YA JUU? HESABU NJIA YAKO KWANZA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Katibu ameomba yapigwe chapa ili ndugu waliokuwa zamu nao wayasome.)



Tumesimama hapa sisi wanne, ila mmoja ndiye atakayesema kwa niaba ya wote. Hatukuja kusema habari za mishahara wala za nyumba, maana hayo Katibu amekwisha kuyaeleza. Tumekuja kusema habari ya motakaa. Msicheke. Wanachama wengi siku hizi wanaomba mkopo wa kununua gari, na wengi wao hutujia na swali moja: ninunue stesheni wagoni, mfano wa Probox au Fielder, au ninunue gari la juu, mfano wa X-Trail, Forester au RAV4?

Jibu letu twalitoa mapema, ili mwenye kuwahi zamu aondoke nalo. Nunua gari la safari unayokwenda kila siku, usinunue gari la safari unayokwenda mara mbili kwa mwaka. Na kabla ya kutoa senti moja, mkumbuke aliyekutilia sahihi.

Sasa twaeleza kwa nini twasema hivyo. Hatukuyasoma mahali. Yalitupata.

Sisi twakaa upande wa Kilifi na twafanya kazi Mariakani. Reli yetu, ile ya zamani na hii mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, hutoka Mombasa ikaelekea bara. Haifiki Kilifi wala Malindi. Kwa hiyo mtu wa reli wa pande hizi lazima apande gari ili akahudumie treni. Zamu ikiisha saa nne ya usiku, matatu za kupitia Kaloleni hadi Mavueni ni za kubahatisha, na kupanda bodaboda katika milima ile wakati wa mvua ni kuitafuta ajali. Basi mwaka 2021 tulikubaliana sisi wanne tununue gari moja. Mmoja wetu alichukua mkopo kwa jina lake, watatu tukawa twamchangia kila mwisho wa mwezi. Wadhamini wakapatikana hapa hapa kazini.

Tulikwenda Mombasa kwenye yadi ya magari. Palikuwa na stesheni wagoni nyeupe, safi, na bei yake twaiweza. Kando yake lilisimama gari la juu, jeusi, lang'aa. Muuzaji hakutulazimisha. Alitufungulia mlango tu, akasema, "Karibuni, kaeni." Tulipokaa tukaona paa za motakaa za wengine ziko chini yetu, hesabu zote zikatutoka kichwani. Mmoja wetu akasema, "Na siku ya arusi je?" Hapo tukarudi kuongeza mkopo.

Wazee wetu wa pwani walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Mwezi wa tatu petroli ilikwisha kutushinda, tukawa twalitumia gari siku tatu kwa juma na siku nyingine twarudia matatu. Mwezi wa saba tairi zikataka kubadilishwa, nne kwa pamoja. Kabla ya mwaka kwisha giaboksi ikafa. Jina la gari hatulitaji, maana kosa lilikuwa letu: tulilinunua bila fundi kulitazama. Likakaa chini ya mwarobaini kwa fundi miezi minne. Gari lilisimama, lakini mkopo haukusimama. Tuliposhindwa kulipa, makato yakahamia kwa wadhamini.

Miongoni mwa wadhamini alikuwamo mzee mmoja wa genge la njia. Mzee huyo hakupata kulipanda gari lile hata siku moja. Siku moja alitukuta wakati wa chai, akaiweka karatasi yake ya mshahara juu ya meza, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akauliza, "Wanangu, hili kato ni la nini?" Hakututukana. Afadhali angetutukana. Mwezi ule binti yake alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akakaa wiki mbili wenzake wakisoma.

Gari tuliliuza kwa hasara. Tukanunua stesheni wagoni iliyotumika hapa hapa nchini, injini ya sisi 1500, na ndiyo tuliyojia leo. Mzee tulimlipa kidogo kidogo mpaka tukamaliza mwaka 2024. Lakini zile wiki mbili za shule hatukuweza kumrudishia.

Haya, sasa tuingie katika somo lenyewe.

Kwanza, magari haya ni nini? Ndugu, jina hili la stesheni wagoni latoka kwetu sisi watu wa reli. Huko Marekani, zaidi ya miaka 100 iliyopita, palikuwa na magari yenye bodi ya mbao yaliyokwenda kwenye stesheni za treni kuchukua abiria pamoja na mizigo yao na kuwapeleka hotelini na majumbani. Mwaka 1929 Ford wakaanza kuyauza wenyewe. Basi stesheni wagoni ni motakaa ya kawaida ambayo paa lake limeendelezwa mpaka nyuma, ili mtu na mzigo wasafiri pamoja. Hapa kwetu wazee wanazikumbuka Peugeot 404 na 504 za namna hiyo, zilizokuwa zikibeba abiria. Enzi hizo penye mlango wa bahari pale Kilifi palivukwa kwa feri, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Hazikuwa gari za juu, na kazi ziliifanya.

Gari la juu nalo lina ukoo wa namna mbili. Ukoo wa kwanza ni wa Jeep ya vita vya pili na Land Rover ya mwaka 1948: chasisi nzito, magurudumu manne yote yakivuta. Prado ni wa ukoo huo. Ukoo wa pili ulikuja baadaye, RAV4 mwaka 1994 na Forester mwaka 1997. Hizi zimeundwa kwa vyombo vya motakaa za kawaida, kisha zikainuliwa. Forester ilijengwa juu ya vyombo vya Impreza. Kwa hiyo mwanachama anayelipa fedha nyingi apate gari la juu, mara nyingi amenunua stesheni wagoni iliyosimama kwa ncha za vidole.

Na lingine: si kila gari la juu huvuta kwa magurudumu manne. Mengi huvuta kwa mawili tu, sawa na Fielder. Kuinuka ni jambo moja, kuvuta ni jambo jingine. Ukitaka kujua, usiulize muuzaji. Lala chini utazame kama kuna shafti inayokwenda kwenye ekseli ya pili.

La pili ni petroli. Hapa mtu wa reli hana haja ya mwalimu. Sisi twajua kwamba behewa tupu nalo huvutwa kwa dizeli, na halilipi kitu. Probox ina uzito wa tani moja na kidogo. Gari la juu la kadiri lakaribia tani moja na nusu. Prado lapita tani mbili. Uzito huo waubeba kila siku, hata ukiwa peke yako na mkoba wako wa chakula.

Twendeni kwa kalamu. Tuseme safari ya kazini kwenda na kurudi ni kilomita 120. Tuseme stesheni wagoni ya injini ndogo yaenda kilomita 15 kwa lita moja, na gari la juu laenda 10. La kwanza litakunywa lita 8 kwa siku, la pili lita 12. Tofauti ni lita 4. Kwa siku 24 za kazi ni lita 96. Tukiitia lita moja shilingi 180, ni shilingi 17,280 kwa mwezi. Toa mwezi mmoja wa likizo, zidisha kwa miezi 11, ni shilingi 190,080 kwa mwaka. Hizo si bei ya gari, ni bei ya kukaa juu. Kila mtu aweke kilomita zake na bei ya petroli ya mwezi wake, apige hesabu yake mwenyewe. Na asisahau kwamba bei hiyo hatuipangi sisi. Mwaka 2023 kodi ya thamani kwenye petroli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo lita ikapita shilingi 200.

Petroli haiji peke yake. Tairi za inchi 14 au 15 ni rahisi kuliko za inchi 17. Bima kubwa hupigwa kwa thamani ya gari, kwa hiyo gari ghali hulipa zaidi. Ushuru wa kuingiza gari lenye injini isiyozidi sisi 1500 ni mdogo kuliko wa injini kubwa. Na vipuri vya Probox na Fielder, hata fundi wa kijijini anavijua kwa kuvipapasa.

La tatu ni njia. Hapa hatutaki kumdanganya mtu. Yuko mwanachama ambaye gari la juu ni haki yake. Ikiwa nyumbani kwako ni Bamba, au Adu, au ndani ya Marafa, na kila masika waiacha lami ukaingia kwenye udongo unaonata, basi sentimita 20 na zaidi za gari la juu chini ya tumbo zitakufikisha mahali ambapo sentimita 15 za stesheni wagoni zitakwama. Mvua za Novemba 2023 wengi wenu mnazikumbuka. Kadhalika ukimbeba mzazi mwenye magoti mabovu, kiti cha juu chamfaa, haimpasi kuinama kama anayeingia chini ya kitanda. Mtu wa namna hiyo anunue gari la juu, wala asimwonee mtu haya.

Lakini wewe unayekaa Malindi mjini na kazi yako iko Kilifi, njia yako ni lami tupu. Ukienda Watamu, lami. Mara mbili kwa mwaka ukienda shamba la babu, panda matatu au azima gari. Gari la siku mbili lisile mshahara wa siku 300.

Tena kuna jambo la kona. Watu wa reli wajua mzigo uliopangwa juu sana hufanya nini behewa likiingia penye kona kwa kasi. Gari la juu ni hivyo hivyo. Hupinduka upesi kuliko la chini. Nayo stesheni wagoni ina hatari yake: ule uwazi wa nyuma ni wa magunia, madafu na maembe, haukuwekwa kwa ajili ya watoto. Mtu akae penye mkanda, na asiyepata mkanda angoje safari ya pili.

La nne ni kununua. Gari la kutoka ng'ambo haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limepita miaka 8, kwa hiyo mwenye fedha kidogo atanunua lililokwisha kutumika hapa. Akinunua pwani, atazame kutu. Hewa ya chumvi hula chasisi kimya kimya, na rangi mpya huificha. Aende na fundi wake mwenyewe, asiende na fundi wa muuzaji. Aulize mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini. Alipande gari lile kilima, si kuzunguka yadi tu.

Ndugu Mwenyekiti, twamalizia kwa ombi moja kwa tawi hili. Mwanachama akitafuta wadhamini wa mkopo wa gari, aje na karatasi. Karatasi ile iandikwe kilomita za kila siku, petroli ya mwezi, bima, tairi, na fedha ya akiba ya matengenezo. Kila mdhamini aisome kabla ya kutia sahihi, na asiyejua kusoma asomewe. Tulipokuwa watoto shule ya misheni tulifundishwa kwamba mtu huketi akahesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Sisi tulijenga kwanza, tukahesabia kwenye mshahara wa mzee wa watu.

Husemwa kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani wa mwenzako waonekana mwepesi. Katika chama isiwe hivyo. Sahihi ya mwenzako ni unga wa watoto wake.

Mzee wetu yule yuko hapa leo, amekaa pale nyuma karibu na mlango. Hakutaka tumtaje jina. Mkutano ukiisha tutampeleka nyumbani kwa ile stesheni wagoni, na kiti cha mbele ni chake.

 Umoja ni nguvu.