Jenerali Alizikwa Siku ya Tatu

Leo tunamkumbuka Jenerali Francis Ogolla, rubani wa ndege za kivita aliyeongoza Jeshi la Wanahewa, kisha akawa Mkuu wa Majeshi. Alifariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024. Tarehe 21 akazikwa kwao Ng'iya, Siaya, haraka na bila jeneza, kama alivyoagiza mwenyewe.

Je, sisi tunamshinda jenerali kwa ukubwa? Huku kwetu tunauza ng'ombe na kumaliza akiba ya kikundi kwa sababu ya matanga, halafu mjane anabaki na deni. Basi tukifika nyumbani, kila mmoja awaambie jamaa zake mapema anavyotaka kuzikwa. Na kikundi kikubaliane: pesa za karo zisinunue jeneza.