SHULE YA KATI ILIYOFUNGWA, NA MAJINA YALIYOKOSEKANA
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Wazee mliopo mwaikumbuka Shule ya Kati, au Intamidieti, iliyoanzia darasa la tano na kuishia la nane. Mpango huo ulitokana na Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949. Baada ya miaka minne ya kwanza mtoto alikutana na mtihani wa kuchuja, na aliyeshindwa alirudi kuchunga ng'ombe. Baada ya Uhuru wa 1963 ngazi hiyo ilifutwa, na Tume ya Ominde, katika ripoti yake ya 1964, ikapendekeza shule moja ya msingi ya miaka saba.

Rejista za shule zile zilijaa wavulana. Mwenye ng'ombe wawili aliuza mmoja kwa ajili ya karo ya mwana, binti akabaki jikoni. Serikali ilipanga mtihani, lakini shauri la ng'ombe lilikatwa nyumbani.

Tangu Januari 2023 ngazi ya kati imerudi kwa jina la Sekondari Msingi, gredi ya saba hadi ya tisa, ndani ya nyua za shule za msingi. Mtihani wa kumrudisha mtoto mlangoni haupo tena. Hata hivyo mpaka wetu una chujio lake. Kazi ya bodaboda, ambayo jina lake lilizaliwa papa hapa mpakani, huwaita wavulana mapema. Kubeba mizigo ya kuvusha huwaita pia. Wasichana huitwa na ndoa, au kulea wadogo zao mama akiwa sokoni.

Hesabu ya watu ya 2019 ilitupa watu 893,681 katika Kaunti ya Busia. Hiyo huhesabu waliolala upande huu. Haihesabu mtoto anayelala Uganda na kusoma Malaba, wala yule wa kwetu anayesoma ng'ambo. Akitoweka darasani, kila upande hudhani yuko upande wa pili.

Sasa, Mwenyekiti, mfuko wetu wa karo humsaidia mwenye barua ya kuingia sekondari ya juu. Aliyeacha gredi ya saba hana barua, wala hatakuja kuomba. Twapendekeza sehemu ya fedha za mwaka ujao itengwe kwa ajili yake, na kila tawi, kwa idhini ya walimu wakuu, lilinganishe rejista ya gredi ya sita na ya gredi ya tisa, wavulana mbali na wasichana mbali. Katibu ameandaa madaftari, nayo yatagawanywa leo kabla ya chakula.