Mionzi Inayounguza Ndiyo Inayotibu



Leo nazungumza juu ya mionzi. Kuna akina mama vijijini ambao daktari amewaandikia barua ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kutibiwa saratani kwa mionzi, nao hawaendi. Wamesikia kwamba huko mtu "huchomwa". Basi barua inawekwa sandukuni, na ugonjwa unaendelea.

Je, ni kweli mionzi huunguza? Ndiyo, ni kweli. Hebu tuone jambo hili lilivyojulikana, maana ndani yake yumo mwanamke mmoja mwanafunzi.

Jina lake Maria Skłodowska. Alizaliwa mwaka 1867 huko Warsaw, Poland. Wakati ule nchi ya kwao ilitawaliwa na Urusi, na wanawake hawakuruhusiwa kuingia chuo kikuu. Alipokuwa msichana alikwenda shamba kufundisha watoto wa tajiri. Baada ya kazi aliwakusanya watoto wa wakulima akawafundisha kusoma na kuandika Kipolandi. Serikali ilikataza. Kwa hiyo huyu ni mwenzetu wa kisomo, tena kisomo cha kujificha!

Mwaka 1891 akaenda Paris, Ufaransa, kusoma chuo kikuu. Mwaka 1895 akaolewa na mwalimu wa sayansi, Pierre Curie. Mwishoni mwa 1897, akiwa na mtoto mchanga, akaanza utafiti wa kupata shahada ya udaktari. Udaktari huu si wa sindano, ni wa elimu.

Mwaka mmoja kabla, bwana Henri Becquerel alikuwa ameona kwamba madini ya urani hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Marie akaanza kupima mawe mbalimbali. Jiwe moja jeusi likatoa mionzi mingi kuliko urani iliyokuwamo. Ukionja mchuzi ukakuta pilipili ni kali kuliko uliyotia mwenyewe, unajua kuna mkono mwingine. Ndivyo alivyofikiri. Mwaka 1898 yeye na mumewe wakatangaza kitu kipya, radiamu.

Kukitoa ndani ya mawe ilikuwa kazi ya jasho. Walifanya kazi katika banda linalovuja mvua. Marie alichemsha mawe kwenye masufuria makubwa, akikoroga kwa fimbo ya chuma. Alitumia tani za mawe, na mwaka 1902 akapata sehemu moja tu ya kumi ya gramu. Haifikii hata chumvi unayobana kwa vidole viwili.

Sasa sikilizeni habari ya mwili. Vidole vyao vilikuwa vigumu, ngozi ikabanduka. Becquerel alitia kichupa cha radiamu katika mfuko wa kizibao, na baada ya siku kadhaa ngozi iliyokuwa chini yake ikaungua. Nguo haikuzuia kitu. Pierre naye akaweka radiamu mkononi mwake kwa saa 10, makusudi, ili aone. Pakawa pekundu, kisha kidonda, na baada ya siku 52 kilikuwa bado hakijapona. Marie akaandika habari hizo katika kitabu cha utafiti wake, akapata shahada mwezi Juni 1903.

Madaktari wakauliza: kama inaua nyama nzima, je, haiwezi kuua nyama mbaya? Swali zuri. Mwili wetu umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana vinavyogawanyika na kuzaa vingine. Mionzi huharibu seli, na zinazogawanyika upesi ndizo huumia zaidi. Saratani ni seli zinazogawanyika ovyo. Kwa hiyo mionzi ikielekezwa pale penye ugonjwa, kwa kipimo, mara nyingi kidogo kidogo, seli mbaya hufa na seli nzima nyingi hupata nafasi ya kupona.

Kipimo ndicho kilichokosekana zamani. Marie alifanya kazi miaka mingi karibu na mionzi bila kinga. Mwaka 1934 alikufa kwa ugonjwa wa mwili kushindwa kutengeneza damu, na mionzi ndiyo inayodhaniwa kuwa sababu. Madaftari yake bado yanatoa mionzi mpaka leo, huhifadhiwa Paris katika masanduku yenye risasi.

Siku hizi mfanyakazi hukaa nyuma ya ukuta mnene, na mitambo hupimwa. Mgonjwa anaweza kuchoka, kuharisha, au ngozi ikawa nyeusi mahali palipotibiwa. Nisiwafiche. Lakini mtu aliyepigwa mionzi ya mashine habebi mionzi kurudi nayo nyumbani. Mnaweza kula naye sahani moja na kumpakata mtoto wake.

Mama mwenye mimba amwambie mhudumu kabla ya kupigwa picha ya eksirei, maana seli za mtoto tumboni zinagawanyika upesi sana.

Tena, mama anayetoka damu baada ya kukutana na mumewe, au baada ya hedhi kukoma kabisa, asikae na siri hiyo. Huenda ni saratani ya shingo ya kizazi, na ikiwahiwa hutibika. Aende zahanati aeleze. Na wewe baba, barua ikija nyumbani, isome mwenyewe, kwa kuwa sasa unajua kusoma, kisha mtafute nauli.